Kupima Wasikilizaji wa Redio Mpakani: Mabadiliko ya Vituo na Nafasi ya Kiswahili katika Ukanda wa Rusizi na Bukavu

Ikisiri

Katika miji mikubwa, takwimu za wasikilizaji huchangia sana kuamua kituo cha redio kitangaze nini, saa ngapi na kwa lugha gani. Makala haya yanafafanua jinsi vipimo hivyo vinavyofanya kazi, kisha yanavijaribu mahali ambapo mantiki yake inakwama: Wilaya ya Rusizi (sehemu ya iliyokuwa Cyangugu), kusini-magharibi mwa Rwanda, inayotazamana na jiji la Bukavu. Hoja kuu ni kwamba kipimo kinachohesabu wasikilizaji kwa kituo, na kukomea mpakani, hakiwezi kuuona usikilizaji wa Kiswahili kwa ukubwa wake, kwa sababu usikilizaji huo umetawanyika katika vituo vya nchi tatu. Makala yanapendekeza kipimo kinachohesabu dakika za lugha badala ya kuhesabu vituo peke yake, na kinachofanywa kwa pamoja pande zote za mpaka.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2017 Rwanda ilipitisha sheria inayokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, sambamba na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo Katiba yake ya 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hatua hizo mbili zinaipa Rusizi uzito mpya katika mjadala wa sera ya lugha. Hapa ndipo Rwanda inapokutana na Kongo katika madaraja ya Mto Rusizi (Ruzizi kwa matamshi ya ng'ambo), na katika tambarare ya Bugarama nchi hizo mbili zinakutana na Burundi. Sensa ya 2022 iliihesabia wilaya hii wakazi zaidi ya 480,000, na jiji la Bukavu lililo ng'ambo ni kubwa kuliko mji wowote wa Rwanda isipokuwa Kigali.

Mtungaji wa sera anayetaka kujua Kiswahili kinasikilizwa kiasi gani katika ukanda huu atatazama kwanza takwimu za redio, maana redio ndiyo chombo kinachomfikia mkulima wa mpunga wa Bugarama, mvuvi wa Ziwa Kivu na mchuuzi anayevuka mpaka kila siku. Swali la makala haya ni rahisi: takwimu za aina hiyo zinaweza kumjibu? Ili kulijibu, sehemu ya pili inaeleza misingi ya kipimo cha wasikilizaji. Sehemu ya tatu na ya nne zinafuatilia mabadiliko ya vituo katika ukanda huu. Sehemu ya tano inaonyesha mahali kipimo kinapopotoka, na ya sita na ya saba zinajadili athari na mapendekezo.

2.0 Kipimo cha wasikilizaji na mwelekeo wa kituo

Vipimo vya redio hutumia tarakimu mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni kiwango cha usikilizaji, yaani asilimia ya watu wote katika eneo wanaosikiliza kituo fulani kwa wakati fulani. Ya pili ni fungu la kituo, yaani asilimia ya wale tu ambao redio zao zimewashwa wakati huo. Tuchukue mfano wa kukokotoa: katika eneo la watu 1,000, watu 300 wanasikiliza redio saa moja asubuhi, na 60 kati yao wanasikiliza kituo kimoja. Kiwango cha kituo hicho ni asilimia 6, lakini fungu lake ni asilimia 20. Tarakimu zote mbili ni sahihi. Zinatofautiana kwa sababu kigawanyo kimebadilika. Kwa hiyo swali la kwanza la mtafiti mbele ya takwimu yoyote ya redio ni hili: nani wamehesabiwa katika kigawanyo?

Njia za kukusanya data zimebadilika pia. Nchini Marekani, kampuni ya Arbitron iliwapa watu wa sampuli shajara za wiki moja waandike kila walichosikiliza. Kuanzia mwaka 2007 shajara zilianza kupisha, katika miji mikubwa, kifaa kidogo cha kubebwa mwilini kinachotambua mawimbi ya sauti ya kituo. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilinunuliwa na Nielsen. Katika Afrika Mashariki njia iliyozoeleka ni hojaji ya ana kwa ana au ya simu, ambapo mhojiwa hukumbuka alichosikiliza jana au wiki iliyopita.

Takwimu hizi zina nguvu kwa sababu bei ya tangazo la biashara hufuata idadi ya wasikilizaji. Mfano unaotajwa sana ni wa New York. Kituo cha WABC, kilichokuwa kikirusha muziki katika masafa ya kati (AM) ya 770 kHz, kilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa kabisa vya jiji hilo. Mwaka 1978 kituo cha FM cha WKTU kilibadili mwelekeo, kikapiga muziki wa disko, na mwishoni mwa mwaka huo kikakipita WABC katika vipimo. Wasikilizaji wa muziki waliendelea kuhamia FM, ambako sauti ni safi zaidi, na tarehe 10 Mei 1982 WABC kiliacha muziki kikawa kituo cha mazungumzo.

Nairobi inaonyesha kwamba kinachobadilika kinaweza kuwa lugha yenyewe. Baada ya miongo mingi ya ukiritimba wa shirika la umma, Capital FM ilianza mwaka 1996 ikitangaza kwa Kiingereza, na mwaka 2000 Kameme FM ikaanza kutangaza kwa Kikuyu. Soko lilipodhihirisha kwamba lugha za nyumbani zina wasikilizaji, vituo vya aina hiyo viliongezeka, na vituo vya Kiswahili vikajipanga upya kushindana navyo. Katika mifano yote miwili mnyororo ni mmoja: wasikilizaji wanahama, kipimo kinawaona, kituo kinabadilika. Mnyororo huo hukatika pale kipimo kinaposhindwa kuwaona waliohama.

3.0 Kutoka masafa ya mbali hadi FM

Ili kuelewa Rusizi, ni lazima kwanza kuelewa tabia ya mawimbi. Wimbi la masafa ya kati hufuata uso wa ardhi na kuvuka vilima. Usiku, tabaka la chini la anga linalolifyonza mchana linapotoweka, wimbi hilo huakisiwa na tabaka la juu na kufika mamia ya kilomita. Masafa mafupi huenda mbali zaidi, kutoka bara hadi bara. FM ni kinyume chake: husafiri takriban kwa mstari ulionyooka, na mlima ukisimama katikati, sauti hufifia au kukatika.

Kwa miongo mingi msikilizaji wa Cyangugu aliyetafuta Kiswahili aliishi katika dunia ya masafa ya mbali. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ile ya Sauti ya Amerika mwaka 1962, na ya Deutsche Welle mwaka 1963. Deutsche Welle ilijenga Kigali mtambo wa kurushia matangazo ya masafa mafupi katika miaka ya 1960, ukawa mojawapo ya mitambo muhimu ya redio hiyo barani Afrika hadi ulipofungwa Machi 2015. Redio Rwanda nayo ilitangaza kwa masafa mafupi na FM, ikiwa na taarifa za habari za Kiswahili pamoja na za Kinyarwanda na Kifaransa. Katika dunia hiyo mpaka wa nchi haukuwa na maana kubwa kwa sikio. Mtu wa Kamembe na mtu wa Bukavu waliweza kusikiliza taarifa ileile, kwa lugha ileile, kwa dakika ileile.

FM imeugawa ukanda huu upya kwa kufuata sura ya nchi. Kamembe na Bukavu zinatazamana juu ya ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Maji hayazuii wimbi, hivyo mnara wa upande mmoja unasikika upande wa pili. Bugarama, ingawa imo katika wilaya hiyohiyo, iko chini kwa takriban mita 500, nyuma ya vilima vinavyoikinga na mawimbi ya Bukavu, lakini tambarare yake imefunguka kusini kuelekea Uvira na Bujumbura. Kwa hiyo wakazi wa wilaya moja wana soko la redio zaidi ya moja: wa kaskazini wanaelekea Kivu Kusini, wa kusini wanaelekea bonde la Tanganyika. Takwimu moja ya wastani kwa wilaya nzima huificha tofauti hiyo.

4.0 Mabadiliko yasiyotokana na vipimo

Jambo la pili linaloitofautisha Rusizi na New York au Nairobi ni chanzo cha mabadiliko. Katika ukanda huu vituo vingi vilianza, vikabadilika au vikatoweka kwa sababu za vita, sheria na maamuzi ya wafadhili.

Mfano mzito ni wa 1993 na 1994. RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, ilitumia muziki na mazungumzo mepesi ya mtaani kujipatia wasikilizaji, kisha ikachochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, huko Arusha, iliwatia hatiani watu waliohusika na uongozi wa kituo hicho. Funzo lake kwa mada yetu ni kwamba wingi wa wasikilizaji si ushahidi wa manufaa ya kituo. Kipimo huonyesha ukubwa wa hadhira. Hakithibitishi ubora wa maneno inayoyasikia.

Kutokana na maafa hayo, Agosti 1994 ilianzishwa Bukavu Redio Agatashya, jina ambalo kwa Kinyarwanda ni la ndege mbayuwayu. Kituo hicho, ambacho baadaye kiliendeshwa na Fondation Hirondelle ya Uswisi, kiliwatangazia wakimbizi na wenyeji kwa Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa na Kiswahili. Mpangilio wake wa lugha ulifuata watu waliokuwapo, bila kujali uraia wao. Kilinyamaza Oktoba 1996 vita vilipofika Bukavu. Mwaka 2002 shirika hilohilo na ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo walianzisha Redio Okapi, inayotangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Bukavu tayari ilikuwa na Redio Maendeleo, kituo cha kijamii kilichoanzishwa mwaka 1993.

Upande wa Rwanda, sheria ya 2002 iliruhusu redio binafsi, na mwaka 2004 Radio 10 ikawa ya kwanza kurudi hewani baada ya 1994. Redio Rusizi, mojawapo ya vituo vya kijamii vya shirika la utangazaji la umma (RBA), inawahudumia wakazi wa wilaya. Upande wa Burundi, ghasia za Mei 2015 ziliziharibu redio kadhaa binafsi za Bujumbura, baadhi yake zikiwa na vipindi vya Kiswahili.

Ukiitazama orodha hii, hakuna mahali msikilizaji wa Kiswahili alipoulizwa anataka nini. Alipata kituo au alipoteza kituo, akageuza kitufe kutafuta kingine. Mazoea haya ya kuhamahama ndiyo yanayomfanya awe mgumu kuhesabika.

5.0 Mahali kipimo kinapopotoka

5.1 Kukomea mpakani. Utafiti wa kitaifa huchukua sampuli ya kitaifa. Mkazi wa Bukavu anayesikiliza Redio Rusizi hayumo katika sampuli ya Rwanda, na mkazi wa Kamembe anayesikiliza redio ya Bukavu hayumo katika sampuli ya Kongo. Hata huyo wa Kamembe akihojiwa na watafiti wa Rwanda, orodha ya vituo anayosomewa kwa kawaida ni ya vituo vilivyosajiliwa nchini, na kilichobaki huangukia fungu la “vinginevyo”. Kiswahili kinaweza kuzama chote ndani ya neno hilo moja.

5.2 Kuhesabu vituo badala ya lugha. Vituo vingi vya ukanda huu ni vya lugha kadhaa. Mfano wa kukokotoa utasaidia. Msikilizaji mmoja wa Kamembe anasikiliza redio dakika 180 kwa siku: dakika 90 kituo cha Rwanda, ambamo 10 ni za Kiswahili; dakika 60 kituo cha Bukavu, ambamo 40 ni za Kiswahili; na dakika 30 kituo cha Burundi, ambamo 15 ni za Kiswahili. Kipimo cha kitaifa kinachoona vituo vya Rwanda tu kitaandika dakika 90, zikiwamo 10 za Kiswahili, yaani asilimia 11. Ukweli wa siku yake ni dakika 65 kati ya 180, yaani asilimia 36. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyekosea hesabu. Kigawanyo ndicho kilichokatwa. Zaidi ya hayo, kila kituo peke yake kinaona dakika chache za Kiswahili na kinaweza kuhitimisha kwa haki kwamba lugha hiyo haina soko kwake, ilhali jumla ya vituo vitatu ni zaidi ya theluthi ya usikilizaji wa mtu huyo.

5.3 Kupuuza lahaja. Hojaji ikiuliza “Je, unasikiliza Kiswahili?” haijaeleza Kiswahili kipi. Mzungumzaji wa Bukavu husema “batu” na “batoto” pale Kiswahili sanifu kinaposema “watu” na “watoto”, na “niko nasoma” pale kinaposema “ninasoma”. Msikilizaji aliyezoea usemi huo anaweza kujibu kwamba hasikilizi Kiswahili, akiamini kwamba jina hilo ni la lugha ya shule na ya taarifa za habari kutoka mbali. Mwingine anaweza kufuata mazungumzo ya mtaani vizuri lakini akaachwa na taarifa ya afya iliyoandikwa kwa istilahi za Dar es Salaam. Kwa mpangaji wa vipindi hizi ni hadhira mbili zenye mahitaji tofauti.

5.4 Saa na mahali. Rwanda, Burundi na Kivu Kusini zinatumia saa moja, ilhali Kinshasa iko nyuma kwa saa moja na Dar es Salaam iko mbele kwa saa moja. Taarifa ya saa moja usiku ya Kinshasa hufika Bukavu saa mbili usiku, na ya saa mbili usiku ya Dar es Salaam hufika saa moja. Jioni ya Rusizi basi ina taarifa zinazopishana kutoka pande mbalimbali, na msikilizaji huchagua kwa saa kama anavyochagua kwa kituo. Pia usikilizaji mwingi hufanyika nje ya nyumba: sokoni, kinyozi, ndani ya basi, au kwa simu ya mkononi. Hojaji inayouliza juu ya redio ya nyumbani humwacha nje mtu asiye na redio lakini asiyekosa taarifa hata siku moja.

6.0 Kwa nini jambo hili ni la kisera

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni masuala ya wauzaji wa matangazo ya biashara. Matukio ya karibuni yanaonyesha vingine. Agosti 2019 wagonjwa wa Ebola walithibitishwa Mwenga, Kivu Kusini, na tahadhari ilibidi iwafikie wanaovuka mpaka. Juni 2020, vizuizi vya safari vya UVIKO-19 vilipolegezwa katika sehemu kubwa ya Rwanda, safari za kuingia na kutoka Rusizi ziliendelea kuzuiwa. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa kundi la M23, na kila familia yenye jamaa ng'ambo ilihitaji habari za kuaminika. Katika hali kama hizo, kujua ni sauti gani inayoaminiwa, kwa lugha gani na saa ngapi, ni sehemu ya usalama wa watu. Anayepanga ujumbe wa afya kwa kutegemea takwimu ya asilimia 11, wakati ukweli ni asilimia 36, ataandaa dakika chache za Kiswahili na kuzirusha katika kituo ambacho walengwa hawapo.

Upo pia mduara unaojilisha wenyewe. Kipimo kisipokiona Kiswahili, kituo hupunguza dakika zake. Dakika zikipungua, msikilizaji huhamia ng'ambo. Akihamia ng'ambo, kipimo kinachofuata kinamwona kwa uchache zaidi. Baada ya mizunguko michache, lugha iliyo rasmi kwa sheria inakuwa ngeni hewani, na takwimu zinatajwa kuwa ushahidi wa jambo ambalo zenyewe zimesaidia kulizaa.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, hojaji za usikilizaji katika wilaya za mpakani zirekodi lugha ya kipindi pamoja na jina la kituo, na matokeo yatolewe kwa dakika za kila lugha.

Pili, orodha ya vituo katika hojaji itokane na kile kinachosikika hasa. Mtafiti mwenye redio ya kawaida anaweza kupita masafa ya FM, kutoka 87.5 hadi 108 MHz, akiwa Kamembe na kisha Bugarama, na kuorodhesha kila kituo na lugha zake kwa saa mbalimbali. Kazi hiyo ni ya siku chache na gharama yake ni ndogo.

Tatu, Rusizi na Bukavu zipimwe kama soko moja la usikilizaji, kwa hojaji moja na wiki moja, na Bugarama ipimwe pamoja na Cibitoke na Uvira. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina nafasi ya kuratibu kazi hii kwa kuwa nchi zote tatu ni wanachama wa Jumuiya. Upande wa Rwanda, Akademia ya Urithi wa Utamaduni (RCHA) inaweza kuwa mshirika wa kiisimu.

Nne, wahojiwa wasikilizishwe sampuli fupi za sauti, moja ya Kiswahili sanifu na nyingine ya usemi wa Kivu, waulizwe ni ipi wanayoielewa na wanayoiamini kwa habari. Swali la sikio hujibiwa vizuri zaidi kwa sikio.

Tano, vituo vya umma visihukumiwe kwa fungu la soko pekee. Redio ya kijamii inayowafikia wachuuzi wachache wa mpakani kwa lugha wanayoielewa, saa moja kabla hawajavuka daraja, inaweza kuwa imetimiza wajibu wake kuliko kituo chenye wasikilizaji mara kumi.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kipimo cha wasikilizaji ni chombo kilichotungwa kwa ajili ya jiji lenye mipaka inayojulikana, ambamo kila kituo kina lugha yake na kila msikilizaji anahesabika mahali pamoja. Rusizi haina sifa hizo. Kihistoria vituo vyake vimebadilishwa na vita, sheria na wafadhili. Kijiografia mawimbi yake yanafuata ziwa na bonde. Kiisimu wasikilizaji wake wanapata Kiswahili kidogokidogo kutoka nchi tatu. Nchi zilizokipa Kiswahili hadhi katika sheria zina wajibu wa kukihesabu kwa namna inayolingana na jinsi kinavyosikilizwa. Dakika za lugha, zikipimwa pande zote za mto, zitampa mshauri wa sera msingi ambao takwimu za vituo peke yake haziwezi kumpa.